Taa ya nje ya gareji: tafuta nyutro kwanza, taa utanunua baadaye

Watu wengi huanza na taa. Wanashuka Luthuli Avenue, wananunua flodi ya LED yenye sensa, kisha wanamwita fundi wa stima aje "aifunge tu hapo juu ya mlango wa gareji". Mimi nashauri uanze na swali jingine: stima ya hiyo taa itatoka wapi? Jibu lake ndilo litaamua kama kazi itaisha kabla ya chai ya saa nne au itakula siku nzima, na kama ukuta wako utakuja kupiga watu shoti wakati wa mvua za Aprili.

Kishawishi cha kwanza huwa ni swichi ya gareji. Iko karibu na mlango, ina stima, basi si tutoe hapo? Lakini katika nyumba nyingi za Nairobi, hasa za zamani kama hizi zetu za Buruburu, boksi la swichi lina waya mbili tu: laivu, yaani waya inayoleta umeme, na ile inayoipeleka kwenye balbu ukishawasha. Nyutro, waya inayorudisha umeme, haipiti hapo kabisa, imeenda moja kwa moja kwenye taa ya dari. Pengine waya zote mbili ni nyekundu, pengine moja ni nyeusi, na hiyo nyeusi ndiyo inayopoteza watu. Wanaichukulia kuwa nyutro kumbe ni laivu ya balbu.

Fundi wa kwanza niliyemwita alifungua boksi, akachungulia, akaniambia, "Mama, nyutro hakuna, lakini erthi iko. Tutatumia hiyo, itawaka tu." Ni kweli itawaka, na ndiyo maana mchezo huu umeenea. Lakini erthi, waya ya usalama inayoelekea ardhini, si njia ya kurudisha umeme wa kila siku. Ipo kwa ajili ya hitilafu. Ukiigeuza nyutro, siku itakapolegea mahali popote kuelekea boksi kuu, kila chuma kilichoungwa nayo upande wa taa kitashika volti 240, pamoja na mwili wa taa yenyewe. Anayekuja kuufuta vumbi hana habari.

Kama boksi lako kuu lina RCD ya miliampia 30, kile kifaa kinachokata stima umeme unapovuja, itaukataa ujanja huo papo hapo, kwa sababu hata taa ya wati 30 hupitisha zaidi ya miliampia 100, na umeme huo wote utakuwa unarudi kwa njia isiyo yake. Fundi akikuambia RCD ndiyo mbovu na itolewe, mpe nauli aende.

Ndugu wa ujanja huo ni kuazima nyutro: laivu inatoka kwa taa, nyutro inatoka kwa soketi, na hizo ni sakiti mbili zenye breka mbili. Mtu atakuja siku moja azime breka ya soketi akidhani yuko salama, aichomoe ile nyutro, na taa ya nje ikiwa inawaka, atakuwa ameshika waya yenye moto. Laivu na nyutro zitoke sakiti moja, hakuna mjadala.

Zimebaki njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kwenye taa ya dari ya gareji, ambako mara nyingi utakuta laivu isiyozimwa na swichi, nyutro na erthi pamoja. Ya pili, niliyoichagua mimi, ni soketi ya gareji, lakini kupitia swichi yenye fyuzi, ile mafundi huiita spa. Watu huiruka ili kuokoa pesa kidogo. Breka ya soketi huwa ya ampia 20 au 32, na waya ya taa ni ya milimita 1.5. Waya hiyo ikipata hitilafu inaweza kupata moto vibaya kabla breka kubwa haijashtuka. Fyuzi ya ampia 3 ndani ya spa itakatika mapema. Tena spa inakupa mahali pa kuizimia taa ukitaka kuitengeneza, bila kuzima gareji yote.

Usifanye kazi hii stima ikiwa imepotea ukadhani umepata bahati. Stima hurudi bila kubisha hodi, na tokeni zikiisha ni vivyo hivyo: mtu wa nyumbani atanunua na kuziingiza huku wewe uko kwenye ngazi. Zima breka, mwambie kila mtu, kisha pima. Ile testa ya bisibisi usiiamini peke yake, na kifaa chochote unachopimia kijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina stima, kabla na baada. Nyumba yenye inveta au sola, hiyo nayo izimwe. Na kama hukuelewa habari ya nyutro hapo juu, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, umwombe akuonyeshe leseni yenyewe.

Huko nje adui ni maji. Nunua taa iliyoandikwa IP65, yaani isiyopenyezwa na vumbi wala maji ya kurushwa, lakini ujue namba hiyo inalinda taa tu. Haihusu kile kiungo cha waya kilichofungwa tepu na kuachwa kininginie. Mimi nilisisitiza tundu litobolewe likiinama kuelekea nje, waya ya taa ipite humo, na maungio yote yawe ndani ya gareji kwenye boksi kavu. Waya ishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondokee hapo.

Sensa hufanya kazi vizuri ikiwa kama mita 2.5 juu. Hushika joto linalopita mbele yake kwa upande kuliko linaloijia moja kwa moja, kwa hiyo ielekeze mtu akatize, na isitazame barabara wala matawi. Wakati wa kuijaribu, zungusha kitufe cha LUX, kinachopanga giza la kuwashia taa, hadi kwenye alama ya jua ili iwake hata mchana, na uipe kama dakika moja ya kuamka kabla hujaanza kulaumu waya. Mwanga uinamishe chini. Jirani wa ng'ambo ana chumba cha kulala.

Halafu bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD uone kama inakata, na uandike kwa kalamu isiyofutika pale kwenye boksi kuu, kando ya breka ya soketi: "na taa ya nje".