Baada ya Katahdin: maswali ya wanaomaliza njia ndefu peke yao

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu Appalachian Trail, njia ya miguu ya takriban kilomita 3,500 inayoanzia mlima Springer, Georgia, na kuishia kilele cha Katahdin, Maine, ikipita majimbo 14 ya mashariki mwa Marekani. Barua nyingi zilizotufikia ni za wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, waliokwisha kuitembea au wanaokaribia kuimaliza. Tumechagua nne.

Nimebakiza kidogo, naogopa kufika

*Salaam wahariri. Nilitoka Georgia mwezi Machi, peke yangu, na sasa niko Monson, Maine. Zimebaki kama maili 115. Niliingia njiani baada ya kuachika, nikijiambia kwamba nikifika juu ya Katahdin nitakuwa mtu mwingine. Sasa badala ya furaha nimejaa woga, na leo ni siku ya tatu nimejifungia hosteli nikisingizia kufua nguo. Je, nikifika halafu nisihisi chochote? – Msomaji, Columbus, Ohio*

Dada, pole kwa mwendo, na hongera. Kati ya watu wanne wanaoanza njia hii kwa nia ya kuimaliza kwa mkupuo, ni kama mmoja tu anayeimaliza.

Woga wako una sababu. Kwa miezi kadhaa siku yako imekuwa na kazi moja: kutoka kibanda hiki hadi kile, kuchota maji, kula, kulala. Kila jioni uliona kwa macho yako kwamba kazi imekwisha. Katahdin itakuondolea kazi hiyo kwa siku moja, na akili imeanza kuuomboleza mwisho huo mapema. Kupumzika Monson siku mbili tatu hakuna ubaya, ila kalenda haisubiri. Wanaotoka kusini hushauriwa wawe wamefika Baxter State Park, hifadhi yenye mlima huo, kabla ya tarehe 15 Oktoba, na hata kabla ya hapo mlima hufungwa siku za hali mbaya ya hewa.

Kuhusu kutohisi chochote, tukuambie ukweli: huwatokea wengi. Itazame siku yenyewe. Unaamka alfajiri, unapanda Hunt Trail kilomita 8.4 zenye mwinuko wa karibu mita 1,270, na sehemu ya juu unakwea kwa mikono na miguu juu ya majabali yaliyopigiliwa vyuma vya kushikia. Kileleni kuna upepo, kuna wageni wa siku moja wanaongoja zamu ya kupiga picha kwenye kile kibao cha mbao, na wewe unawaza kushuka. Kwenda na kurudi huchukua saa 8 hadi 12. Mwili uliochoka hivyo, wenye njaa na baridi, hauna nafasi ya machozi. Yanaweza kuja wiki mbili baadaye, jikoni kwako, bila sababu unayoiona.

Kwa hiyo usikiachie kilele kazi ya kujikubali. Ifanye katika hizi maili mia moja na ushee zilizobaki. Kila jioni ukishasimamisha hema, andika mistari michache ya matendo, hisia ziache kwanza: umevuka mto gani, umeamua nini ulipopotewa na alama nyeupe zinazoonyesha njia, umekosea wapi na umerekebishaje. Kisha ongeza mstari mmoja kuhusu tabia yako ambayo njia haikuibadilisha. Labda bado hasira inakupanda njaa ikikushika. Labda bado wewe ni mzito wa kuamka. Angalia sasa unavyoishi nayo: unajua ukifika saa nne asubuhi hujala utagombana hata na mawe, basi saa tatu unakula. Umeacha kujitukana, umepanga siku kwa ajili ya mtu uliye, na yule uliyetamani kuwa umemwacha apite. Huko ndiko kujikubali, na umekuwa ukikufanya kila siku bila kukupa jina.

Talaka utaikuta Columbus ilipo. Earl Shaffer, askari aliyetoka Vita Kuu ya Pili na mtu wa kwanza kutangaza kwamba ameitembea njia yote kwa safari moja, mwaka 1948, alisema anatembea ili aitoe vita mwilini. Aliirudia mwaka 1965 na tena 1998, akiwa na umri wa karibu miaka 80. Safari ya kwanza haikumaliza kila kitu, naye hakuidharau kwa sababu hiyo.

Sasa kipande chenyewe. Kutoka Monson hadi daraja la Abol ni kama maili 100 bila duka, na bango la mwanzo linakutaka ubebe chakula cha siku 10. Mwenye miguu yako huenda kwa siku 6 hadi 8. Kwa gramu 800 za chakula kikavu kwa siku, siku 8 ni kilo 6.4, na hapo fimbo zako zitafanya kazi. Hosteli za Monson hukubali kukupelekea ndoo ya chakula katikati ya njia kwa malipo; panga kabla hujaondoka. Mito ndiyo hatari ya kweli, hasa saa chache baada ya mvua kubwa. Vuka na viatu miguuni, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani ili ukianguka uweze kulitupa begi, elekeza uso mkondo unakotoka, na sogeza fimbo moja au mguu mmoja kwa wakati. Maji yakipita magoti na yanakusukuma, rudi ungoje. Mito midogo ya huko hupanda upesi na kushuka upesi. Ukifika mlima White Cap, kukiwa hakuna wingu utaiona Katahdin. Kaa hapo kidogo.

Baxter kuna kibali cha bure kwa wanaotoka mbali. Kichukue kwa askari wa hifadhi kabla ya kupanda. Eneo la kulala la The Birches, lililotengwa kwa ajili yenu, linapokea watu 12 tu kwa usiku, na anayewahi ndiye anayepata.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalipangi: siku ya kesho yake. Usikate tiketi ya ndege ya asubuhi inayofuata. Lala Millinocket, mji ulio karibu na hifadhi, usiku mbili, ule, ulale mchana, umpigie simu mtu mmoja unayempenda, kisha ndipo upande basi la Medway kwenda Bangor. Ukitoka kileleni na kuingia uwanja wa ndege ndani ya saa 20, mshtuko huwa mkubwa bila sababu.

Mwanangu analala sakafuni

*Mwanangu anaishi Pittsburgh. Ametembea njia hiyo miezi sita, kisha amekuja kunisalimu Tanga. Kitandani halali, anatandika mkeka barazani. Anakula kama watu watatu, hasemi, na wageni wakija anatokea mlango wa nyuma. Nimemkosea nini? – Mama wa watatu, Tanga*

Shikamoo Mama. Hujamkosea. Mwili uliozoea ardhi ngumu na hewa ya nje huliona godoro kama shimo, na masikio yaliyozoea kimya huchoka haraka na mazungumzo ya watu wengi. Kwa kawaida hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache. Mwachie mkeka, lakini chandarua lazima. Aliyeishi Marekani miaka mingi amepoteza sehemu kubwa ya kinga ya malaria aliyokuwa nayo utotoni. Akipata homa apimwe siku hiyohiyo, na amwambie daktari kwamba ametoka pia kwenye misitu yenye kupe.

Wageni wasije wote kwa pamoja. Mtume sokoni kwa miguu. Usimuulize amejifunza nini. Muulize alikuwa anapikaje ugali huko, au viatu pea ngapi zilimwishia, na maneno yatafuata. Ila zikipita wiki mbili bila kula wala kulala vizuri, au akitaja kwamba heri asingekuwepo, mpeleke hospitali, usingoje.

Nimemaliza, mwili umenigeuka

*Wiki tano zimepita tangu nishuke Katahdin. Njiani nilitembea maili 20 kwa siku. Sasa kupanda ngazi ni taabu. Asubuhi visigino vinachoma, vidole vya miguu havina hisia, magoti yanauma kwa zamu. Kitambi kimeanza kurudi. Watu wa kanisani wanataka niwasimulie ushujaa, nami naona haya hata kuvua koti. – Msomaji, Houston, Texas*

Ndugu, kabla ya yote tenganisha huzuni na ugonjwa, kwa sababu dalili zako zina sura mbili.

Uchovu na viungo vinavyouma kwa zamu vinaweza kuwa ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe. Umepita Pennsylvania, New York na Connecticut, maeneo yenye ugonjwa huo kwa wingi. Daktari wa Houston haukuti mara kwa mara, kwa hiyo huenda asiufikirie. Mtajie majimbo uliyopita na tarehe. Usitegemee kukumbuka duara jekundu la kwenye vitabu. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo huweza kuonekana kama chubuko au doa la kiza, ikapita bila kutambuliwa. Kipimo cha damu katika wiki za kwanza baada ya kung'atwa huweza kutoonyesha kitu, kwa kuwa mwili haujatengeneza kinga ya kutosha kupimika. Kikiwa safi na dalili zikiendelea, omba kirudiwe. Ukikutwa nao, dawa ya kawaida ni doksisaikilini: siku 10 hadi 14 kwa hatua ya mwanzo, na 28 goti likishavimba. Uso ukilegea upande mmoja au moyo ukienda kwa kusitasita, nenda siku hiyohiyo.

Ukishaondoa hilo, yaliyobaki ni ya kawaida. Kisigino kinachochoma hatua za kwanza za asubuhi ni utando wa unyayo uliochoka: nyoosha misuli ya nyuma ya mguu kabla ya kushuka kitandani, usitembee peku juu ya marumaru, na jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika 10. Ganzi ya vidole inatokana na mishipa ya fahamu iliyobanwa na uzito na viatu, nayo huchukua wiki hadi miezi kuisha. Pima miguu upya, kwani wengi hutoka njiani wakihitaji saizi kubwa zaidi, kisha wakarudi kwenye viatu vya zamani na kuendeleza maumivu. Usianze kukimbia. Tembea saa moja asubuhi, bila begi, mahali tambarare.

Kitambi kina hesabu yake. Njiani mwenzio huunguza kalori 4,000 na zaidi kwa siku, na hamu ya kula haishuki siku unayoshuka mlima. Usijinyime kwa hasira, maana mwili una upungufu wa kufidia. Baki na maharage, mayai, samaki na mboga hadi ushibe, ondoa kwanza vile vya njiani: siagi ya karanga kwa kijiko, biskuti, soda. Akina dada wanaosoma jibu hili, ambao hedhi ilikatika wakiwa njiani: ikipita miezi mitatu bila kurudi, muoneni daktari, kwa sababu mifupa inaumia kimyakimya.

Na koti hilo livue. Mwili ulioshuka Katahdin ulikuwa umekonda kwa sababu haukupata chakula cha kutosha. Usiufanye kipimo cha mwili wa mtu anayefanya kazi, anayelala ndani na kula na watu wake. Kanisani waambie ukweli wa kawaida: siku za mvua, malengelenge, mgeni aliyekupa lifti hadi dukani. Anayesimulia ushujaa mtupu hulazimika kuulinda kila Jumapili.

Niliishia katikati

*Nilifika Harpers Ferry mfupa wa ugoko ukapata ufa, nikarudishwa nyumbani. Nyumbani kila mtu alikuwa ameshaambiwa naenda Maine. Nimefuta picha zote. – Msomaji, Silver Spring, Maryland*

Kama hukuzifuta kabisa, zirudishe. Umetembea takriban kilomita 1,650 kutoka Georgia.

Mwaka 1954 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 kutoka Ohio, alianzia Katahdin kuelekea kusini, akapotea, miwani ikavunjika, askari wa msitu wakamshauri arudi nyumbani. Mwaka uliofuata alibadilisha mpango, akaanzia Georgia, na mwezi Septemba akafika kileleni akiwa na umri wa miaka 67. Safari yake ya tatu aliikamilisha vipandevipande mwaka 1964. Hata leo Appalachian Trail Conservancy, shirika linaloitunza njia hii, hutoa cheti kilekile kwa aliyemaliza kwa msimu mmoja na kwa aliyetumia miaka 20, kwa neno lake mwenyewe la uaminifu.

Wewe unaishi karibu na ulipoishia, na treni kutoka Washington husimama Harpers Ferry. Mfupa wa ugoko wenye ufa huhitaji kwa kawaida wiki 6 hadi 8 bila mikiki. Daktari akikuruhusu, tembea kwanza bila mzigo, ongeza umbali kama sehemu moja ya kumi kwa wiki, kisha begi la kilo 5, baadaye 10. Kipande cha kwanza kiwe Maryland yote, maili 41 kutoka Harpers Ferry hadi Pen Mar, kwa siku nne. Kuna vibanda na maji, na barabara za kutokea ziko karibu. Kila jioni vua soksi, bonyeza mfupa kwa ncha ya kidole. Maumivu yaliyotawanyika ni ya misuli, yaendee polepole. Yakiwa sehemu moja, pale pale kidole kilipo, au yakikuamsha usiku, kesho yake tokea barabara ya kwanza utakayoifikia.