Ukikwama Kichekesho, Pita kwa Fundi

Wachekeshaji wachanga huniuliza vichekesho vipya navitoa wapi. Wengi wanategemea nitawaambia habari za daftari, au za kukaa kijiweni na kusikiliza watu wanavyozungumza. Hayo nayafanya. Lakini kwa miaka kadhaa sasa kazi zangu nyingi za jukwaani zimeanzia kwenye kitu kilichotengenezwa kwa mkono, na aliyekitengeneza hakuwa na habari kwamba siku moja kitasimama mbele ya watu mia tatu. Leo nieleze nafanyaje, maana naamini njia hii itamfaa mtu mwenye kipaji ambaye mfuko wake bado mdogo.

Nianze na ng'ombe.

Mwaka 2019 nilikuwa napita Temeke nikakuta bucha inapakwa rangi upya. Bango lake la zamani, la bati, lilikuwa limeegeshwa ukutani likisubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Lilichorwa ng'ombe mwekundu amesimama kwa miguu miwili, kwato moja imeshika mizani, na chini yake kumeandikwa NYAMA SAFI YA LEO. Mabango ya namna hiyo nimeyaona tangu utotoni na sikuwahi kusimama. Hili lilinisimamisha kwa macho. Yule ng'ombe alikuwa na kope ndefu, zimepinda kwenda juu, zimechorwa moja moja kama za bibi harusi. Tena alikuwa anatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa jina lake na hataki kuitika. Nikampa mwenye bucha shilingi 15,000, nikalipakia kwenye bajaji.

Wiki nzima sikuandika neno. Nililiweka sebuleni, nikawa napita nalitazama. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza na ndio ninaousisitiza kuliko yote: ukipata kitu usikimbilie kukitafutia mzaha. Kiache kikae nyumbani mpaka ujue ni nani. Siku ya tano au ya sita ndipo nikamwona. Hakuwa picha ya nyama inayouzwa pale, alikuwa mwenye bucha mwenyewe. Mizani ameshika yeye! Na mwenye bucha anaijua hali ya kila nyumba mtaani bila kuambiwa na mtu, kwa sababu anajua nani huchukua kilo mbili tarehe 28, nani anashuka mpaka nusu tarehe 10, na nani tarehe 20 anatuma mtoto aulize kama mifupa ipo. Kumbe ndiyo maana anatazama pembeni, anawatunzia watu siri. Kutoka hapo kazi ikajiandika yenyewe. Ina dakika 12, nasimama kando ya bango na kusema kwa niaba yake, na nimeicheza kwenye harusi, shuleni, na hotelini kwenye sherehe za wafanyakazi.

Halafu nikamtafuta aliyemchora. Wachoraji wa mabango huacha namba ya simu pembeni, ila hapo kutu ilikuwa imekula tarakimu mbili za mwisho. Mwenye bucha akanielekeza kwa kinyozi, kinyozi akanielekeza Mbagala, na huko nikamkuta mzee wa watu yuko juu ya ngazi, anachora vichwa vya mitindo ya nywele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka bango?"

Nikamwambia habari za ng'ombe. Akashuka, akakaa kwenye ndoo ya rangi, akacheka kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu: "Ng'ombe nawajua, lakini macho yao sikuwahi kuyaangalia. Nilichora ya binti yangu wa mwisho."

Maneno hayo nayasema mwishoni mwa kazi, kwa idhini yake. Ukumbi unaokuwa umecheka dakika 11 unanyamaza, watu wanarudi kumtazama upya yule ng'ombe. Sijawahi kuandika mwisho mzuri kama huo, na nisingeupata kama ningebaki nyumbani na bango langu. Kwa hiyo mtafute fundi. Mwulize alikuwa anawaza nini, amejifunza kwa nani, kwa nini pua imekaa pale. Mtaje jukwaani. Na mlipe: mimi kila nikipanda na lile bango namtumia mzee 10,000 kwenye simu, hata siku ambayo malipo yangu ni madogo. Sioni haki kwa mchekeshaji kulipwa kwa jicho la mtu mwingine na mwenye jicho asijue.

Ndugu zangu, kucheka na kuchonga ni mambo yaliyolelewa pamoja kwetu kwa muda mrefu kuliko kipaza sauti. Wamakonde wana mapiko, vinyago vya ngoma vinavyochongwa kwa mti mwepesi, vinavaliwa kichwani kama kofia iliyoinamishwa, vingine vimepachikwa nywele za binadamu, na mchezaji anachungulia kupitia mdomo wa kinyago. Ndani ya mapiko utakutana na wazee, askari, Wazungu wa enzi za ukoloni, kila aliyestahili kuigizwa. Kabla hatujapata ukumbi wenye viti, tayari walikuwepo watu waliojua kwamba sura iliyokuzwa kidogo na mwendo uliopatikana sawasawa vinatosha kuangusha kicheko. Ila hapa niweke onyo: lipiko lina uhusiano na jando. Kitu ambacho bado kina kazi ya heshima kwa wenyewe usikipandishe jukwaani kwa sababu tu umekinunua. Uliza kwanza, na ukiambiwa hapana, hapana hiyo iheshimu.

Vinyago vya shetani ndivyo vilivyonifunza zaidi. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa, hapa Dar es Salaam miaka ya 1950, alivunjikiwa mkono wa kinyago alichokuwa anachonga. Hakukitupa. Akaendelea nacho kikawa kiumbe cha ajabu, kikapata mnunuzi, na mtindo mzima ukazaliwa. Mimi ninacho kimoja nilichonunua Mwenge, kwenye kijiji cha vinyago: kina sikio moja kubwa kama ungo na upande wa pili hakina kitu. Kimenipa mjomba anayesikia upande mmoja tu, na kila anapokaa anachagua mwenyewe nani akae upande huo. Ukienda kununua, jua kwamba mpingo ni mzito na ukiuweka kwenye maji unazama. Miti mingine hupakwa kiwi ikauzwa kwa bei ya mpingo. Kwaruza kidogo chini ya kitako kwa ukucha au ufunguo, baada ya kuomba ruhusa. Mpingo wa ndani utabaki mweusi, uliopakwa utatoa mbao nyeupe. Na yeyote atakayekuletea bangili ya gamba la kasa au kipande cha pembe ya ndovu, ondoka hapo, ni kosa la jinai.

Kama unataka kuona ucheshi uliochorwa, tafuta kazi za George Lilanga, aliyefariki 2005. Alianza kazi kama mlinzi Nyumba ya Sanaa, kilichokuwa kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, akaishia kuwa mmoja wa wasanii wetu waliojulikana zaidi duniani. Watu wake wana masikio makubwa, matumbo yametangulia, wanagombana, wanabebana, wanacheza. Majina ya picha zake ni sentensi nzima za Kiswahili, kama maneno uliyoyasikia ukipita dirishani kwa jirani. Nilipokwama mwaka juzi nilikaa na kitabu cha picha zake, nikawa naandika maneno ya kila mhusika, na nikatoka na wahusika wanne. Nairobi yupo Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani kwa waya na chuma chakavu. Amesimulia kwamba utotoni alitaka miwani, baba yake akamwambia atengeneze ya kwake. Kitazame chochote kati ya hivyo kisha ujiulize mtu anayekivaa anaongeaje na anatembeaje. Hapo una kazi ya wiki.

Sasa kuhusu kutengeneza mwenyewe. Mimi natengeneza vikaragosi, na kichwa cha kwanza nilikitengeneza kwa vipande vya gazeti na uji wa ngano juu ya puto. Nilianza mwezi Aprili, masika imekolea. Tabaka la nne halikukauka, likaota ukungu, na nilipolianika jikoni mende wakala pua yote usiku mmoja. Nilihuzunika kweli, maana onyesho lilikuwa siku tatu mbele. Tangu hapo nafanya hivi: uji wa ngano uwe mwepesi, tia kijiko cha chumvi na matone machache ya mafuta ya karafuu. Vipande vya gazeti vichanwe kwa mkono, visikatwe kwa mkasi, kingo zikilegea zinashikana vizuri. Subiri tabaka moja likauke kabisa juani kabla ya kuweka la pili, yakifika saba yanatosha. Mwisho paka vanishi ndani na nje, kwa sababu jasho la mkono wako litaingia kwa ndani. Nywele natumia katani, macho vifuniko vya soda, na kwa mdomo unaofunguka hakuna kinachoshinda soli ya ndala ya zamani, inapinda na inarudi.

Kabla hujapanda na kitu chochote, kiweke mwisho wa chumba, rudi hatua 20, mwite mtu akuambie anaona nini. Kinyago changu cha mpingo ni kizuri mno mkononi, lakini mpingo unameza mwanga, na watu wa nyuma wanaona kipande cheusi tu. Ndiyo maana kinabaki nyumbani na mimi napanda na sikio lake, nililolitengeneza kwa ungo halisi. Na usijaze jukwaa. Niliwahi kupanda na vitu vitano, watu wakawa wanatazama kipi kinafuata badala ya kunisikiliza. Kimoja kinatosha, viwili kama vinagombana.

Kwa kutafuta, wengi hukimbilia maduka ya watalii. Huko nenda, lakini zunguka pia Gerezani kwa mafundi chuma, kwa wanaotengeneza koroboi kwa makopo ya maziwa, kwa watoto wanaounda malori ya waya, kwenye minada, na nyuma ya kila bucha na saluni inayobadilisha rangi. Beba fedha taslimu na mfuko mkubwa. Bei patana kwa adabu, na kabla hujataja yako uliza imechukua siku ngapi kutengeneza. Mimi nikishaambiwa siku, mara nyingi naona aibu kupunguza.

Mzee wa Mbagala nimempa kazi nyingine. Nimemwomba anichoree mume wa yule ng'ombe, bango la ukubwa uleule, amebeba kapu tupu. Amesema Jumamosi nikachukue. Nimemwuliza safari hii macho ni ya nani, akatabasamu tu, akarudi juu ya ngazi.