Aliyemleta mgeni naye atajwe

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Chombo cha habari kikieleza kwamba mahojiano yalipangwa na wapambe wa mwanasiasa, kinamtendea haki msomaji au kinampaka matope mhojiwa?" Jibu langu ni kwamba inategemea kama kinaeleza kila mara. Kikitaja leo aliyemleta mgeni wa upande huu, kesho kikanyamaza kwa mgeni wa upande ule, maelezo yale yale yanageuka kuwa tuhuma. Upendeleo wa namna hii ni mgumu kuukamata, maana kila habari ukiisoma peke yake haina kosa.

Mahojiano mengi ya siasa hayaanzii kwa mwandishi. Huanza na simu ya mshauri wa kampeni, wakili au kampuni ya uhusiano wa umma: tuna mtu, yuko tayari kuzungumza, lakini kwenu tu. Kisha yanakuja masharti: dakika ngapi, mada zipi zisiguswe, nani atakaa chumbani, yarushwe lini. Mgeni hufanyishwa mazoezi ya maswali. Tiketi na hoteli kuna mtu anazilipia. Kazi ikishakamilika, simu ya mwisho huomba kipande fulani kiondolewe. Hatua hizi hazina uzito mmoja. Kumpa mwandishi namba ya simu ni jambo dogo, kumwandikia maswali ni jambo jingine kabisa. Chombo kinachosema tu "mahojiano yaliandaliwa kwa msaada wa kampeni" kimesema kweli, na msomaji hajaambulia kitu.

Tazama yaliyotokea Marekani Julai 2024. Baada ya mdahalo wa Juni 27 uliomwendea vibaya Rais Joe Biden wa chama cha Democratic, aliyekuwa akigombea tena, alihojiwa na vituo vya redio, kimojawapo WURD cha Philadelphia. Mtangazaji Andrea Lawful-Sanders alisema baadaye kwenye CNN kwamba wasaidizi wa Biden walimtumia maswali manane, naye akaridhia manne. Siku iliyofuata yeye na kituo wakaachana. Huko Wisconsin, Civic Media, mtandao wa vituo vya redio, ilikiri kwamba kampeni iliomba vipande viwili viondolewe kwenye mahojiano yake na Biden, navyo vikaondolewa. Kampeni ilijitetea kwamba kupendekeza mada ni jambo la kawaida, na katika hilo haikukosea sana. Ndiyo maana wasikilizaji walipaswa kuambiwa siku ile ile mahojiano yaliporushwa. Walijua kwa sababu tu mtangazaji aliulizwa na kituo kingine.

Mnamo 2004, televisheni ya CBS ya Marekani ilirusha habari kuhusu utumishi wa zamani wa Rais George W. Bush katika kikosi cha akiba cha anga, ikitegemea nyaraka ambazo baadaye ilishindwa kuthibitisha uhalali wake. Kabla ya kurusha, mtayarishaji Mary Mapes alimpigia Joe Lockhart, mshauri wa mpinzani wa Bush katika uchaguzi, John Kerry wa Democratic, akimwomba awasiliane na mtu aliyezitoa nyaraka hizo. Jopo huru lililotoa ripoti Januari 2005 lilikosoa vikali simu ile, lakini halikuona msingi wa kusema kwamba siasa ndiyo iliyowasukuma wanahabari wale. Ila nani angeamini? Simu iliyofichwa ikishafichuka, hata kosa la kawaida la uhakiki husomwa kama njama.

Msidhani ni ugonjwa wa upande mmoja. Mwaka 2008 New York Times ilionyesha jinsi Wizara ya Ulinzi chini ya serikali ya Bush, wa chama cha Republican, ilivyowapa maofisa wastaafu wa jeshi taarifa, hoja za kusema na hata safari, kisha wakaketi kwenye televisheni kama wachambuzi huru. Baadhi yao walikuwa na maslahi katika kampuni zilizotafuta zabuni za jeshi. Watazamaji hawakuambiwa. Uchunguzi huo ulimpa mwandishi wa gazeti hilo, David Barstow, tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka 2009.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linanikera zaidi kwa sababu huvaa joho la uadilifu: kumtaja mpangaji ili mgeni asisikilizwe. Februari 1994 Paula Jones, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya jimbo la Arkansas, alimtuhumu Rais Bill Clinton kumnyanyasa kingono alipokuwa gavana wa jimbo hilo. Alisema hayo mbele ya waandishi, pembeni ya mkutano wa wahafidhina, akiwa ameletwa na Cliff Jackson, hasimu wa siku nyingi wa Clinton. Kwa wengi hilo lilitosha kumpuuza. Hata hivyo, mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 9 bila kupingwa kwamba kesi yake iendelee, na mwaka uliofuata Clinton alikubali kulipa dola 850,000 kuimaliza, bila kukiri kosa. Aliyemleta shahidi anatueleza kwa nini tunasikia jambo hili leo. Hatuambii kama jambo lenyewe ni kweli; hilo halimo katika kujua nani kamleta.

Wapi basi pa kukaza? Kwa kiongozi wa chama, kila mtu anajua wasaidizi ndio waliopanga. Pale tunahitaji masharti tu. Panapouma ni kwa "mwananchi wa kawaida": mjane, mfanyakazi aliyefukuzwa, mpiga kura aliyebadili msimamo. Huyo akiwa ametafutwa, akasafirishwa na kufundishwa la kusema na kampeni, kumwita mwananchi wa kawaida bila nyongeza ni uongo.

Maelezo yenyewe hayahitaji nafasi kubwa. "Mgeni huyu tulikutanishwa naye na mshauri anayelipwa na kampeni fulani. Mshauri alikuwepo chumbani. Hakuona maswali kabla. Hakuna kilichokatwa kwa ombi lake." Hewani ni kama sekunde 15. Yakae juu, kabla ya jibu la kwanza la mgeni, si aya ya 19. Na yasomwe pia kwenye kile kipande kifupi kinachokatwa kwa ajili ya mitandao ya kijamii. Huko ndiko mengi hupotelea: kipindi kizima kimesema ukweli, kipande kinachotazamwa na watu wengi zaidi hakina hata neno.

Angalieni na msamiati. Upande mmoja unakuwa na "wanaharakati waliomsaidia", mwingine una "wapambe waliomtumia", na kazi waliyofanya ni ile ile. Au kitenzi kinapoteza mtendaji: "mahojiano yalipangwa". Na nani?

Anayetaka kupima chombo fulani achukue mahojiano 20, kumi kwa kila upande, alinganishe wanaolingana: mlalamikaji kwa mlalamikaji, kiongozi kwa kiongozi. Aandike kama mpangaji ametajwa, aya ya ngapi, kwa kitenzi gani, na kama kipande cha mitandaoni kimebeba maelezo hayo. Idadi ndogo namna hii haithibitishi nia ya mtu, lakini mazoea hujionyesha haraka.

Wahariri watasema mpangaji aliomba asitajwe. Sawa, jina lifichwe, lakini upande wake usifichwe: "mtu anayefanya kazi katika kampeni pinzani" inatosha. Wanachokiogopa zaidi, nadhani, ni kwamba mshauri akitajwa leo, mgeni wa kesho atapelekwa kwa washindani. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuwa na kanuni iliyoandikwa inayowahusu wote, ili mshauri ajulishwe kwenye simu ya kwanza kabisa, kabla hajaahidiwa chochote. Na swali la "nani amewakutanisha nasi, na nani analipa?" liulizwe mara mbili: kwa aliyepiga simu, na kwa mgeni mwenyewe akiwa peke yake kabla kamera hazijawashwa. Majibu yakitofautiana, yachapishwe yote mawili.