Hela ya serikali ya kutunza ardhi: usichimbe shimo kabla hujasaini

Nyie mliofika juzi huku Iowa na mmeanza kukodi vipande vya kulima, mtasikia watu wanasema serikali inalipa wakulima watunze ardhi. Ni kweli kabisa. Yale mashamba ya pembeni ya barabara yaliyojaa nyasi ndefu usidhani mwenyewe kayatelekeza, mengi yako kwenye CRP, mpango ulioanza 1985, serikali inamlipa kila mwaka asilime ili mvua isibebe udongo, na mkataba ni miaka 10 mpaka 15, ukiuvunja katikati unarudisha hela zote na riba juu yake. Kwa sisi wa eka moja ya kukodi huo hautufai sana. Wetu ni EQIP.

EQIP inakuchangia kujenga kitu cha kutunza udongo na maji. Mimi nilipata banda la nailoni, lile wanaita hai taneli, ndani yake mchicha unaanza kuota wakati nje bado baridi kali, na wamama wanaupigia simu kabla sijauvuna.

Sasa hapa ndo msikilize. Mwaka wa kwanza afisa alikuja, akapima, akasema sehemu nzuri, nikajua tayari, wiki ileile nikachimba mashimo manne ya nguzo za kona. Kumbe fomu ya maombi sio mkataba! Kilichoanzwa kabla ya saini hakilipwi, kwaiyo nikakosa msimu mzima, na kila asubuhi nilikuwa napita pale naona yale mashimo yamejaa maji ya theluji. Iliniuma sana. Usinunue hata bomba moja mpaka nyie na serikali wote mmesaini.

Pa kuanzia ni ofisi ya USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, ya kaunti yako. Nenda FSA kwanza, idara inayosajili mashamba, wakupe namba ya shamba, alafu NRCS, idara ya kutunza udongo na maji, ndo wenye EQIP, mara nyingi wako jengo hilohilo. Beba mkataba wa kukodi ulioandikwa, tena ufike mwisho wa miaka ya mkataba wa EQIP, maana makubaliano ya mdomo na mwenye ardhi hata awe mtu mzuri vipi hayakusaidii pale. Na omba mkalimani, uliza kama wanaye wa bure, msimbebeshe mtoto wa darasa la sita maneno ya mkataba, mtoto atatafsiri anachoelewa yeye na saini ni yako.

Kama una chini ya miaka 10 kwenye kilimo sema wazi kwamba wewe ni mkulima mpya, kiwango wanachokuchangia kinapanda mpaka asilimia 90 na unaweza kuomba angalau nusu ya hela mapema, ila hiyo ya mapema uitumie ndani ya siku 90. Wengine wengi wanajenga kwa hela yao kwanza, afisa anakuja na tepu kukagua, ndo wanalipwa. Na hawalipi kwa risiti yako, wana bei yao ya kila futi ya mraba, ukinunua banda la gharama kubwa tofauti unaibeba mwenyewe.

Januari itakuja karatasi inaitwa 1099-G, inayoonyesha hela serikali iliyokulipa. Msiitupe, ile hela inahesabiwa kwenye kodi, mpelekeeni anayewajazia kodi pamoja na risiti zenu zote za shamba.