Vitambaa vya hedhi vinataka jua, si godoro

SWALI: Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba. Kila akiingia mwezini hukosa shule siku tatu. Anatumia vitambaa vya khanga, anavifua usiku na kuvikausha chini ya godoro, maana bibi yake kamwambia vikionwa na mwanamume ni mkosi. Tena hachumi mchicha siku hizo, eti utanyauka. Sasa analalamika kuwashwa. Na je, vidonge vya maumivu vitamharibia kizazi?
Mama, Muheza

JIBU: Mama, tuanze na huo muwasho. Damu haina kosa. Kosa ni la godoro: kitambaa hakipati hewa wala jua, kinabaki kibichi, na fangasi hupenda penye joto na unyevu. Mpeleke zahanati, hasa akitoka uchafu mweupe kama maziwa ya mgando au wenye harufu mbaya. Asijisafishe ndani kwa sabuni, chumvi wala ndimu. Maji safi kwa nje yanatosha.

Vitambaa aviloweke nusu saa kwenye maji baridi. Ukianza na ya moto, damu inashika kwenye nyuzi na doa halitoki. Kisha afue kwa sabuni ya mche na kusuuza hadi maji yawe meupe, kwani sabuni iliyobaki nayo huwasha. Avianike juani. Akiona haya, atandike juu yake kitambaa chepesi kikavu, hewa itapita. Wakati wa masika, pigeni pasi pande zote mbili mpaka mvuke uishe. Avihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, si wa nailoni. Khanga kuukuu ya pamba ndiyo inayonyonya; mpya huteleza maji mpaka ifuliwe mara kadhaa. Awe na vitambaa 6 au zaidi, abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6.

Vidonge haviharibu kizazi. Maumivu yanatokana na mfuko wa uzazi kujikaza ili kusukuma damu, na dawa hupunguza kule kujikaza au maumivu yake. Parasetamoli ya miligramu 500, kidonge 1 kila baada ya saa 6, visizidi 4 kwa siku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa chini ya kitovu, inasaidia pia. Akitoka damu zaidi ya siku 7, au akilowesha kitambaa kila saa, apimwe damu. Huenda imepungua, na mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani.

Bibi msimbishie mbele ya mjukuu. Enzi zake kuficha ndiko kulikomkinga msichana na maneno ya watu. Mwombeni ashone pindo za vitambaa vipya, kisha mwacheni binti achume mchicha. Bibi atajionea kama utanyauka.

Kuhusu shule, mara nyingi wasichana hubaki nyumbani kwa kuogopa kuchafua sketi na kuchekwa. Abebe vitambaa 2 vikavu, mfuko usiopitisha maji wa kuwekea kilichotumika, na chupa ya maji ya nusu lita. Nawe muone mwalimu wa malezi kabla ya siku zake, umuulize mambo matatu: choo cha wasichana kina komeo kwa ndani? Kuna maji? Kuna ndoo yenye mfuniko? Likikosekana moja, lipeleke kwenye kikao cha wazazi, na baba yake awepo. Komeo ni kitu cha fundi wa mtaani, halingoji bajeti.