Re: Nimechaguliwa mwenyekiti wa kikoba, nilipie kozi ya uongozi?
Hongera mkuu. Mi nasema achana na kozi, hiyo hela kanunulie hisa za kikoba, uongozi utajifunzia hapohapo kikobani. Anza na mikopo maana ndo panapopima kichwa, mtu akija anataka laki 5 za kuku wa kienyeji usikimbilie ndiyo wala hapana, muulize atamuuzia nani, chakula kikipanda bei atafanyaje, na rejesho la mwezi wa kwanza litatoka wapi wakati vifaranga hata havijakua, na maswali hayohayo muulize shemeji yako pia (hapo ndo wengi wanalegea). Maoni yako yaweke mwisho, mwenyekiti akishatangulia kusema wengine wanaitikia tu. Halafu lile sanduku la hela za kikundi lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, limewekwa ili hata wewe usiaminiwe peke yako, kwa hiyo mtu akitaka daftari lisomwe upya usinune, soma. Kama bado hamjasajiliwa, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ya Tanzania inawaweka daraja la 4, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopeshana, nendeni halmashauri mkamuone afisa maendeleo ya jamii.