Aina za sentensi za Kiingereza: kazi iko kwenye swali

Mleta mada, umeuliza aina za sentensi za Kiingereza ni ngapi, na kwa nini mwalimu amekukata "You are going where?" na "Did he went?" wakati maana inaeleweka.

Aina ni nne: taarifa, swali, amri na mshangao. Kukariri majina tu hakutakufikisha mbali, mkuu. Shika pale ambapo kila moja inaachana na Kiswahili.

Kwenye taarifa, kiima lazima kiwepo na kiwe kimoja. "Inanyesha" inatosha kwetu kwa sababu kiima kimo ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo "Is raining" ni kosa. Sema "It is raining". Kosa la upande wa pili ni "My father he works in Mombasa". Ile a- ya "baba anafanya" ndiyo imegeuzwa "he". Baba ameshatajwa, ing'oe.

Sasa swali. "Anauza samaki" na "Anauza samaki?" tunazitofautisha kwa sauti tu. Kiingereza kinataka kitu kihame. Kwanza tafuta kitenzi kisaidizi kama is, are, was, can au will. Ukikipata, kivushe mbele ya kiima: "She can swim" inakuwa "Can she swim?"

Usipokipata, unaazima do. Itazame kwa karibu "She sells fish". Ile s ya mwisho inatoka kwenye sells, inaingia kwenye do na kuifanya does, sell inabaki tupu: "Does she sell fish?" Went nayo ni go iliyobeba wakati uliopita. Wakati huo ukihamia kwenye did, go inabaki peke yake: "Did he go?" Ukisema "Did he went?" umeuweka wakati mara mbili. Kukanusha ni hivyo hivyo: "He did not go".

"Wapi" yetu hukaa mwisho, where hutangulia: "Where are you going?" Angalia who lakini. Ikiwa yenyewe ndiyo kiima, did haihitajiki: "Who broke the cup?" Kwenye "Who did you see?" kiima ni you, ndiyo maana did imerudi. Na swali likiingizwa ndani ya taarifa, mpangilio wa taarifa unabaki: "I don't know where he lives".

Majibu pia yana mtego. Ukiulizwa "Haven't you eaten?" nawe hujala, Kiswahili kinakubali "Ndiyo, sijala". Kiingereza ni "No, I haven't". Ukijibu "Yes" tu, mwenyeji anaweza kuelewa umeshakula, akaondoa sahani.

Amri ni nyepesi: "Come" ni ya mmoja na ya wengi, hakuna -eni, kukataza weka Don't mbele. Ila "Naomba maji" usiitafsiri "Give me water", inasikika kama unamtuma mtu. Sema "Could I have some water, please?", umbo la swali lenye maana ya ombi.

Mshangao: penye nomino tumia what, "What a big house!", penye sifa pekee tumia how, "How big!"

Kwa mazoezi, andika taarifa 10, tano zenye is au can na tano zisizo nazo. Pigia mstari kinachobeba wakati katika kila moja (is, can, s ya sells au umbo kama went), kisha igeuze kuwa swali uone mstari umehamia wapi.